Sauti ya Nne Ugenini

Kwao hakuna aliyemwita fundi bomba huyu kwa jina. Alikuwa Besi, basi. Hata watoto wake walikuwa watoto wa Besi. Kila Jumapili alisimama mstari wa nyuma wa kwaya, bega likigusa ukuta, akiimba sauti ya nne mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Alipopata kazi ya kutandaza mabomba kwenye hoteli iliyokuwa ikijengwa mbali na kwao, mkewe alimsindikiza mpaka stendi.

"Baba, huko hakuna kengele ya kanisa ya kukuamsha. Usije ukarudi umepoa."

"Nipoe mimi?" Besi akacheka.

Akapoa. Kambini Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, zege halijui sabato. Jioni aliketi kwenye kitanda chake cha chuma, akafumba macho, na maneno ya sala yakagoma kutoka. Hofu ikamwingia: miaka yote ile, aliyekuwa akisali ni yeye au ni lile benchi la kwaya? Wengi wetu swali hilo hulikimbia, tukajaza Jumapili zetu kelele ili tusilisikie. Besi hakulikimbia. Alitaka kujua.

Jumapili iliyofuata, saa ya mapumziko, alijificha nyuma ya tangi la maji akaanza wimbo aliokuwa akiupenda kuliko zote. Hakujua kwamba mpishi wa kambi, mama mwenye ulimi usio na breki, alikuwa upande wa pili akisugua masufuria.

"Kaka, huo ni wimbo au pampu imeziba?"

"Namsifu Mungu, dada."

"Kwa neno moja? Umetangulia, umetangulia. Katangulia nani? Kaenda wapi?"

Besi alilijua hilo neno tu. Maneno mengine yote yalikuwa ya akina mama wa sauti ya kwanza. Wao wa besi kazi yao ilikuwa kuitikia tu, macho kwa mwalimu wa kwaya wasije wakachelewa kuingia. Akajaribu kuikumbuka sauti yao. Ikamponyoka kama sabuni. Wimbo ameuimba harusini na misibani, kumbe hajui unasema nini.

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi na kanisa tuliachana zamani. Lakini ukijua ni nani, uniambie. Umeshaniwasha."

Wiki nzima swali lilimng'ang'ania Besi kwenye mitaro na juu ya ngazi. Kila alipokaza kiungo cha bomba alijikuta akinguruma, umetangulia, umetangulia, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyojua mwenyewe ni nani. Jumamosi akampigia simu mkewe, ambaye ni wa sauti ya kwanza.

"Mama watoto, niimbie ule wimbo wa Umetangulia."

"Kwenye simu? Nina chungu jikoni, baba."

"Punguza moto. Imba ubeti wote, polepole."

Mkewe akakohoa kidogo, akaimba: "Nikitandika kitanda ugenini, Bwana, nakuta umetangulia. Nikiikosa njia ya nyumbani mwako, wewe waujua mlango wangu."

Besi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Baba, upo?"

"Nipo. Rudia."

Jumapili alirudi nyuma ya tangi na kuimba ubeti huo kwa sauti ya kwanza. Ilimpasukia kooni kama ya jogoo anayejifunza kuwika, naye hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke kwao, alikuwa akisali kama anayezungumza na mtu. Alipofika mwisho wa mstari, pale besi wanapoingia, akanyamaza kama akina mama wafanyavyo.

Kutoka kwenye masufuria sauti nzito ikaingia, mahali pake hasa: "Umetangulia, umetangulia."

Besi akachungulia. Mpishi hakuinua uso.

"Usinitazame, kaka. Wiki nzima umenipigia huo mstari kichwani. Kumbe ni Mungu ndiye aliyetangulia?"

"Ndiye."

"Hadi huku kwenye vumbi?" Akaacha kusugua. "Ubeti wa pili unasemaje?"

"Wa pili bado siujui. Huu kanifundisha mke wangu kwa simu."

"Sasa umekaa hapo unangoja nini? Mpigie wifi."