Fimbo Niliyoiacha Ukutani

Mwaka ule mguu wangu wa kulia ulikataa kazi, nikawa mtu wa mkongojo. Njia ya visima vya korongoni ikawa ndefu kama safari ya Mpwapwa. Binti yangu alikuja kutoka Kizota, akaona mtungi mtupu, akasema, "Mama, kiangazi hiki ukishindwa kufika kisimani, nakuhamisha. Sikuombi."

Wao wenyewe wamebanana chumba kimoja, na mumewe kapunguzwa kazi kiwandani. Mimi nikalale wapi, juu ya kabati?

Mkwe wangu alikuwa amejaribu kuchukuza mizigo kwa mkokoteni wa punda, kama wenzake wengi waliopunguzwa. Ikamshinda. Akaniletea punda wake nimpande. Punda yule alikuwa na makovu matakoni. Sikuuliza, maana niliona.

Kila asubuhi nikimsogelea hatua moja, anarudi nyuma mbili, masikio kayalaza. Wifi yangu, tunayepakana naye uzio, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mchape, wifi! Punda haelewi Kiswahili."

"Hata wewe hukielewi, mbona sijakuchapa?"

Lakini moyoni nilikuwa nimechoka. Nilishaanza kufunga vyombo vyangu.

Siku moja nilibeba mabua kwa mikono miwili. Mkongojo nikauegemeza ukutani, nikajikokota nimeuegemea uzio kwa bega. Punda akaja mwenyewe, akala mikononi mwangu. Nikaduwaa. Siku zote zile nilikuwa namwita njoo, na fimbo nimeshika.

Basi mkongojo ukabaki ukutani. Nikitaka kutembea, naegemea shingo yake. Nikimvuta, anasimama. Nikitulia, anakwenda. Tulizunguka ua hivyohivyo siku nyingi, vilema wawili. Baadaye nikamwekea gunia la mchanga mgongoni. Alipolizoea, nikapindua kinu, nikapanda juu yake, nikamkalia.

"Bibi harusi huyo!" wifi akapiga vigelegele.

"Nyamaza, utamshtua mume."

Siku ya kwanza kisimani nilifika salama, nikashuka. Nimesimama nimemshika shingo, mwanamume mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe akainua fimbo amfukuze. Nilihisi mwili wa punda ukitetemeka chini ya mkono wangu. Akikimbia naanguka, na nikianguka pale sina mguu wa kunirudisha nyumbani. Sikumshika kwa nguvu zaidi. Nilimwegemea tu, kama uani.

"Baba, shusha hiyo," nikamwambia yule bwana. "Alizokula zinatosha."

Akaishusha. Punda hakuinua hata kwato moja.

Wanawake walinijazia madumu, wakayafunga, wakanisaidia kupanda. Nyumbani nilivifungua vyombo vyangu, nikachemsha uji, nikalala mchana kama mgonjwa. Binti yangu alipokuja na gunia la kubebea vitu vyangu, nilimwambia aliache hapo. Punda hakuwa na cha kutandikwa mgongoni.