Gololi, Sinia Mbili na Harusi Isiyokuwepo

Jamani, aibu niliyoipata siku ya wazazi shuleni kwetu Pongwe siwezi kuisimulia bila kujifunika uso, maana mpaka leo wanafunzi wananiita Bi Harusi, na mie hata kuposwa sijaposwa.

Mie nafundisha fizikia. Mkuu wa shule alishaniambia wanafunzi wangu wakizidi kupungua somo linafutwa, na wazazi karibu wote walikuwa wakimfuata Mzee Nassor, mfanyabiashara, ambaye mjukuu wake Thuwaiba alikuwa anaililia fizikia huku babu anamtaka asome biashara. Nikaapa, leo huyu mzee namgeuza.

Nikachagua kuwaonyesha nova, yaani nyota ndogo nzito inayomnyonya jirani yake gesi, gesi ikajilundika juu yake mpaka ikalipuka, na mlipuko huo ukazirusha chembe kwa kasi ya kutisha. Kasi hiyo zinaipata wapi? Zinagongwa huku, zinagongwa kule, na kila zikigongwa zinaongeza mwendo. Nilipanga gololi iende na kurudi mezani katikati ya mbao mbili zinazosogeleana, lakini mbao nikazisahau nyumbani, nikasema ah, si kuna sinia za pilau jikoni? (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

"Shikamoo mzee, naomba unishikie hii," nikamwambia Mzee Nassor mbele ya watu, nikampa sinia moja, nikamsimamisha ng'ambo ya meza, mie nikashika ya pili, tukaanza kuzisogeza. Gololi ikagonga ko, ikarudi, ko, ko, halafu kokokoko, watu wamesimama kutazama, na mie moyoni nasema tayari, nimempata.

Sasa huku kwetu sinia ikigongwa namna ile, kina mama hawaulizi mara mbili, wanajua ni harusi. Wapishi waliokuwa nje wakaingia kwa vigelegele, mbele yao Bi Mwanahamisi (jirani yangu wa Mabawa, anayeniombea mume tangu sijui lini), akanikuta nimetazamana na mzee wa watu, kila mtu na sinia yake, akanitupia kanga kichwani.

"Alhamdulillahi, mwanangu umestirika!"

Mzee akashtuka, akaisukuma sinia kwa nguvu, gololi ikaruka na kumng'oa miwani puani. Mkuu wa shule akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikitoka pale fizikia imekwisha, kwa hiyo nikapanda juu ya kiti na kanga yangu kichwani, nikapaza sauti: "Hakuna harusi! Hii ni nyota!"

Nikaeleza hivyo hivyo, jasho linanitiririka, kwamba chembe haipati nguvu zote zile kwa msukumo mmoja, wimbi la mlipuko huirudisha huku na huku, kila mara ikiongezewa kidogo, mpaka inatoroka, na chembe zinazojigonga kwenye gesi hutoa miali mikali ambayo mitambo ya angani huiona.

Mzee Nassor akaokota miwani, akaipangusa.

"Sasa hii iliyonipiga, aliyeisukuma nani? Mie au wewe?"

"Sote wawili, mzee."

Akaivaa, akamgeukia mjukuu wake. "Thuwaiba, kasome hiyo fizikia. Ila mwalimu wako mwambie mie nina mke."

Fizikia ipo mpaka leo. Sinia nimeapa sitaishika tena mbele ya mwanamume yeyote, mbao nimezifungia ofisini, na nova nitaifundisha tena mwaka huu, wacheke wasicheke. Kanga tu ndiyo imenishinda. Kila nikimrudishia Bi Mwanahamisi anaisukuma: "Kaa nayo mwanangu, itafanya kazi."