Golikipa Aliyekubali Kuondoka

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani pale mtaani Bertrams, nikisubiri suruali yangu. Kwenye benchi walikaa mashabiki wawili wa timu yetu ya mtaa, Mtanzania na Mkongomani, wakipanga usajili wa msimu ujao. Mtanzania alitaka golikipa wetu apelekwe timu ya Midrand, na winga kijana wa huko aje kwetu.

"Golikipa amechoka. Mipira ya juu haioni kabisa," alisema.

"Na anaruka kama gunia," akaongeza Mkongomani, akionyesha kwa mikono gunia linavyoanguka.

Fundi akasimamisha cherehani. Golikipa mwenyewe ni yeye, na wote wawili walijua.

"Midrand wana gari la kuwapeleka wachezaji mazoezini?" akauliza.

"Wanalo."

"Basi nimekubali. Nitaenda."

Mkongomani akavua kofia. "Eish, ndugu yangu, unatuacha hivihivi? Timu huipendi?"

"Miaka yote tuliyokaa pamoja!" akalalamika Mtanzania.

Walipoondoka, mpango wa Midrand ulikuwa umefutwa, na fundi alikuwa anashona tena. Mimi niliwaelewa vizuri. Sisi mashabiki tunataka mchezaji aondoke, lakini aondoke akilia.