Dalmas Were Aurudia Usukani

Usilicheke tumbo la mwanamume kabla hujajua lilivyopatikana. Tumbo la Dalmas Were halikuokotwa njiani. Alilijenga polepole, akisaidiwa na ugali wa mkewe Nanyama, na kufikia mwaka wa sabini lilikuwa limesimama imara kama nyumba ya mawe. Siku hizo hapa Nairobi, mtu mwembamba akiingia dukani aliulizwa anataka nini. Dalmas alipoingia duka lolote la Dagoretti Corner, alitolewa kiti kwanza.

Na hakuzaliwa hivyo. Alifika mjini kutoka Bungoma akiwa mkavu kama mpini wa jembe. Akaosha mabasi, akawa kondakta, na mwaka wa uhuru akakabidhiwa usukani wa basi la Ngong Road. Anayetaka kubisha na abishe, lakini katika barabara ile hapakuwa na dereva wa kumfikia. Wengine walifunga breki abiria wakagongana vichwa. Dalmas alisimamisha basi mama aliyelala na mtoto mgongoni asijue kama wamefika. Watu walikuwa wakiliacha basi lililotangulia lipite, wangoje la Were.

Basi mwaka wa sabini na moja ukaja ule upimaji wa madereva, katika zahanati ndogo ya wafanyakazi kando ya Government Road. Sista Wangeci, muuguzi wa pale, mama mfupi mwenye miwani, alimfunga Dalmas mpira mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza, akaujaza tena kama mtu asiyeamini masikio yake.

"Bwana Were," akasema, "damu yako inasukuma kama basi imejaza watu na inapanda mlima."

"Si ni nguvu hiyo, Sista?"

"Nguvu? Panda kwa mizani."

Mshale wa mizani ulikimbia hadi ukakosa pa kwenda. Daktari alipoitwa hakutaka mzaha. Presha ilikuwa juu mno. Dereva akizimia na abiria ndani, nani atawajibu wenye maiti? Dalmas angeshushwa kwenye basi kwa nusu mwaka. Akirudi presha imetulia, atapewa usukani. Isipotulia, basi lake atapewa mwingine, tena moja kwa moja.

Kampuni ikampeleka langoni kwenye gereji, awe wa kufungua na kufunga. Ewe msomaji, hebu jiweke hapo. Kila alfajiri basi lake mwenyewe linakuja, ndani ameketi kijana Ngui, anapiga honi ya madharau, na Dalmas Were anamfungulia! Alikuwa akikaza meno hadi masikio yanamuuma.

Kwa hasira akaamua kumaliza kazi upesi. Aliacha kula. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni mate. Siku hazikupita nyingi akaanguka palepale langoni, basi likabaki likinguruma nje halina wa kulifungulia. Walipomfikisha kwa Sista Wangeci, alimkaripia kama mtoto aliyeiba maandazi.

"Nani alikwambia ufunge? Mimi ni padri? Nilisema upungue, sikusema ufe!"

Kisha akamketisha, akamweleza taratibu. Tembe ya presha kila asubuhi, asiruke. Ugali ale, lakini usizidi ngumi yake. Mboga zijaze nusu ya sahani. Maharagwe, samaki, nyama ya kuchemsha, ndiyo. Mafuta ya kopo yale ya kuogelesha nyama, hapana. Chumvi kidogo. Ile sukari ya vijiko vinne kwenye kikombe, aisahau. Atembee kila siku, aanze pole, aongeze. Na arudi kupimwa mara kwa mara, asijidaktarie.

Yote hayo Dalmas aliyaweza kichwani. Penye shida ni mezani. Kwao, mume hasukumi ugali wa mkewe hivihivi. Mwanamume akikataa sahani, amesema neno kubwa kuliko tusi; wazee huitwa kwa jambo hilo. Jioni ile alimega kidogo, akanawa, akasema, "Imetosha, mama Lornah."

Nanyama akautazama ule mlima wa ugali, akamtazama yeye.

"Nani mwingine anakupikia?"

"Hakuna! Ni Sista amesema…"

"Eeh. Sista. Sasa ana jina."

Alilala ameupa ukuta uso. Kesho yake bombani, jirani alipomuuliza mbona macho yamevimba, akayamwaga yote. Na maneno ya bombani hayahitaji tiketi. Yalipanda gari la Kitale, kwao Nanyama, bila kulipa nauli.

Dalmas aliona maji yanazidi unga. Akamshika mkewe mkono hadi zahanati, akamkalisha mbele ya Sista Wangeci. Nanyama alimkagua mama yule mfupi kutoka viatu hadi miwani, moyo ukamtulia. Kisha Sista akampa vile vidude vya masikioni asikilize mwenyewe kifua cha mumewe kikigonga. Nanyama alisikiliza kwa muda. Alipovitoa, hakuwa mke aliyenuna tena. Alikuwa serikali.

Tangu siku hiyo sukari ilifungiwa sandukuni pamoja na nguo za kanisani. Nyuma ya nyumba akapanda kunde, mrenda na sukuma wiki. Ugali aliupima kwa kuushika mkono wa mumewe, "Kunja ngumi," na Dalmas akijaribu kuipanua alipigwa kofi la vidole. "Usinidanganye. Hiyo ni ngumi au ni mto wa kulalia?"

Na akatembea. Mwanzo alifika kituo cha pili tu, ulimi nje. Akaongeza kituo. Akaongeza kingine. Miezi ikasogea, akawa anatoka Dagoretti Corner hadi katikati ya mji kwa miguu, kwenye barabara ileile aliyoizoea kutoka juu ya kiti. Basi lake likimpita, kondakta Mwanzia ananing'inia mlangoni:

"Mzee Were! Uko na basi ya bure na unatembea? Panda bwana! Ama tubebe tumbo peke yake, wewe ufuate!"

Abiria hoi kwa kicheko. Dalmas hupunga mkono kama waziri.

"Mwambie Ngui asikizoee hicho kiti! Kina mwenyewe!"

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini moyoni alikuwa akiomba Mungu. Usukani ndio uliokuwa umemfanya mtu katika mji huu. Bila huo angekuwa mzee wa kufungua lango.

Suruali zikaanza kumhama. Kamba ikashika zamu ya mshipi. Hapo ndipo majirani walipoanza kumpa pole. Si pongezi, pole! Mtu mzima akipungua, Nairobi nzima inamzika mapema.

Jumapili, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kupimwa, mlango ukabishwa. Tobias, kaka mkubwa wa Nanyama, alikuwa amesafiri kutoka nyumbani kuja kusikiliza kesi ya dada yake aliyekataliwa ugali. Hakutaka hata maji kabla ya neno.

"Shemeji," akaanza, "tulikupa msichana mzima. Tumesikia chakula chake umekikataa. Kama umemchoka, sema, nimrudishe kwa heshima."

"Hakukataa," Nanyama akadakia. "Mimi ndiye ninayempimia. Ngumi moja, basi."

Loo! Angenyamaza. Tobias alimtazama shemeji yake, shingo imechongoka, suruali na kamba, halafu akamgeukia dada yake kwa mshtuko.

"Ni wewe? Wewe ndiye unayemnyima? Mtoto wa mama yangu amekuwa mchoyo! Tutapita wapi? Watasema nyumbani kwetu tulifundisha wasichana kuua waume kwa njaa!"

Kesi ikageuka hapohapo. Aliyeletewa mtetezi akawa mshtakiwa. Tobias akaamuru kuku achinjwe, ugali usongwe ule wa heshima, na shemeji ale mbele yake mpaka aseme mwenyewe ameshiba. La sivyo, dada atarudi nyumbani akafundishwe upya.

Kuku aliletwa, amechemshwa na nyanya. Firigisi ikawekwa mbele ya Dalmas, maana ni haki ya mwenye nyumba, naye akaila bila kupepesa jicho. Lakini ule mlima wa ugali uliokuwa ukifuka mvuke ulimtia jasho. Kumkatalia shemeji ni kumvua nguo mkewe. Kumkubalia, na kesho mizani inangoja.

Akamega kiasi cha ngumi yake, akajaza mboga. Akala polepole, kwa raha, hadi mwisho. Akanawa.

"Shemeji," akasema, "dada yako hajaninyima kitu. Ameninyima kaburi. Huniamini? Kesho asubuhi twende wote mjini. Kwa miguu. Ukinishinda, nitakula sufuria nzima na kuomba radhi."

Tobias, mwanamume wa shamba, alicheka. "Wewe? Mgonjwa?"

Asubuhi wakatoka. Tobias alianza kwa mbwembwe, mikono nyuma, akitoa hadithi za ng'ombe. Walipofika Adams Arcade, hadithi zilikuwa zimeisha. Mbele kidogo kiatu kikaanza kumuuma, kisha goti, kisha ukoo mzima. Basi lilipotokea alilisimamisha kwa mikono miwili. Dalmas hakucheka. Naam, alicheka, lakini akiwa ameangalia upande wa pili.

Alifika Government Road akamkuta Tobias kwenye ngazi za zahanati, viatu mkononi. Sista Wangeci alikataa kumpima Dalmas papo hapo. "Kaa kwanza, damu itulie. Unataka kuniharibia kazi?" Dalmas alikaa, na kule kukaa kulikuwa kugumu kuliko kutembea. Mpira ukafungwa. Sista akaujaza upepo, akasikiliza, akamwita daktari, daktari naye akasikiliza. Tobias alikuwa amesimama mlangoni, pumzi ameibana kama ndiye anayepimwa.

"Imetulia," daktari akasema. "Tembe usiache, miguu usiache, na utarudi tukuone. Lakini basi lako kachukue."

Tobias alimshika mkono muuguzi. "Na mimi, mama. Nipandishe hapo nione." Alipandishwa, na alichoambiwa hajakisema kwa mtu hadi leo.

Siku ya safari yake ya kurudi kwao, alipanda basi Dagoretti Corner, dada yake akimsindikiza na kikapu cha kunde. Kiti cha dereva kilikuwa na mwenyewe. Tobias hakuketi. Alisimama katikati ya abiria, akainua kofia.

"Sikilizeni! Huyu dereva ni shemeji yetu! Na huyu anayemlisha ni dada yangu, tumbo moja! Mkiona mtu anamsema, mniambie mimi!"

Watu wakapiga makofi, Mwanzia akapiga ubavu wa basi. Nanyama akajifunika uso na leso, lakini meno yote yalikuwa nje. Dalmas hakugeuka. Dereva wa kweli hageuzi kichwa kwa ajili ya makofi. Alitazama kioo, akaona barabara iko wazi, akaingiza gia, na basi likaondoka taratibu hata aliyesimama hakuyumba.