Siku Nilipoandika "Baridi" Ubaoni

Jana baba alinipeleka kwa daktari wa meno mtaa wa Al Sadd, Doha. Tukiwa tumekwama kwenye taa za barabarani nikainua macho, nikaiona nyumba yetu ya zamani. Nilitazama paa kwanza. Siku hizi limejaa madishi. Nikanyamaza, unanijua, lakini moyoni nilikuwa nimeshapanda zile ngazi.

Kabla hatujahamia Al Wakrah tuliishi humo familia nne, jiko moja la pamoja, na kila jioni ngazi zilinukia vitunguu vya kukaanga. Jirani wa juu, mama mmoja wa Kakamega aliyekuwa mpishi hotelini, alikuwa na shamba juu ya paa. Shamba ni neno kubwa. Zilikuwa ndoo za rangi na mikebe ya samli, na ndani yake sukuma wiki. Alipanda joto lilipopungua, akabeba maji ghorofa tatu kila siku, na ikifika Machi majani yalikuwa mapana kuliko uso wangu. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya kanisa, baada ya ibada Wakenya walikuja kula ugali kwake. Manesi waliotoka zamu walikula kimya kwanza, halafu ndiyo wakaanza kucheka.

Kazi yangu ilikuwa ubao. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ni mimi tu niliyesoma Kiarabu shuleni. Kila jioni nikitumwa mkate kwenye duka la pembeni, nilisoma utabiri wa hewa kwenye televisheni ya mwenye duka, kisha nikauandika kwa chaki chini ya ngazi: vumbi, joto, upepo. Watu walianika nguo kwa kufuata ubao wangu. Mimi niliyeshindwa hata kusalimia wageni, hapo nilisikika bila kufungua mdomo.

"Mtu wa hewa," jirani alikuwa akiniita, "kesho nianike ama niache?"

Alhamisi moja ya Machi, hewa tamu, madirisha wazi, nikaona kwenye mstari unaopita chini ya picha herufi tatu: b, r, d. Baridi! Neno letu kabisa. Lakini pembeni yake kulikuwa na neno la kuanguka. Baridi inaangukaje? Nilijua kuna kitu. Mwenye duka alikuwa palepale, ningemuuliza. Wanaume watatu walikuwa wananunua sigara, nikaona haya, nikachukua mkate nikaondoka. Nikaandika: KESHO BARIDI.

Jirani akapiga makofi. "Sukuma inapenda baridi kushinda watu! Wacha ipumue, kesho itakuwa tamu." Akakunja ule wavu wa kivuli uliofunika mimea yake yote.

Asubuhi tulikuwa tunavaa viatu vya kanisani matangi ya maji ya paani yalipoanza kugongwa. Kulipotulia tukapanda. Paa lote lilikuwa jeupe.

"Theluji! Doha!" baba akasema.

Mama akaokota punje moja. "Theluji gani, Baba Shiko? Hii ni mvua ya mawe."

Katikati ya weupe ule mashina yalikuwa yamesimama, na majani yamechanika vipande vipande. Nikajificha nyuma ya mama. Jirani alipapasa kwa kidole gumba shina moja lililovunjika. Kisha akainama, akaanza kuokota.

"Si tungeikatakata tu?" akasema. "Leo Mungu mwenyewe ameshika kisu."

Watu wakacheka, wakaokota naye. Wageni walikula wakashiba. Hiyo ndiyo ilikuwa sukuma ya mwisho ya msimu ule.

Jumapili, siku ya kwanza ya shule huku, mwalimu wa Kiarabu alitueleza kwamba herufi ni zilezile: ukisoma bard ni baridi, ukisoma barad ni mvua ya mawe. Jioni nikasimama mlangoni kwa jirani nikiwa nimeyapanga maneno: Anti, nilikuwa na shaka na sikuuliza. Alipofungua akanipa kipande kipya cha chaki.

"Mtu wa hewa, kesho je?"

Nikasema, "Jua." Hilo tu.

Alirudi nyumbani mwaka uliofuata, na sikuwahi kumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kusikia.

Jana taa ilipogeuka kijani, simu yangu ilionyesha kwamba huenda usiku kukanyesha mvua, labda na mawe. Niliisoma mara mbili. Nikamwambia baba, kwa sauti. Halafu nikatazama tena lile paa, na hapakuwa na kitu cha kufunika.