Kikwangua Oili cha Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa linatoa moshi wa buluu, na mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi. Mambo hayo mawili yasingehusiana kama baba asingetangaza, mbele ya kamati nzima ya harusi, kwamba bibi harusi atakwenda kanisani kwa gari lake na dereva atakuwa yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshapata gari jeupe la kisasa, limepambwa maua ya plastiki mpaka kwenye vioo vya pembeni. Alicheka akidhani mzee anatania. Baba hakucheka.

Mimi nilijua sababu. Baba ana presha ya macho. Daktari alimwambia kwamba uoni wake unabanwa kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba asiendelee kuushika usukani kwa muda mrefu. Gari lenyewe ni la Kiingereza, limenizidi umri. Alilinunua kwa bosi wake aliyekuwa anarudi kwao, enzi hizo baba ni karani mgeni kutoka bara, hana hata kitanda. Ndilo lililotupeleka shule, hospitali na makaburini. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba na ndiye binti pekee. Baba alitaka safari moja tu, ya kumfikisha yule mtoto kanisani kwa mikono yake, halafu basi. Hakunitamkia hivyo, lakini mimi ni mwanawe, namjua.

Kilichobaki ni moshi. Injini ikishapata moto, nyuma kulikuwa hakuonekani, na waendesha bodaboda walikuwa wakitupita wakitutukana bila kificho. Ukifikiria gauni jeupe kushuka katikati ya wingu lile, unaelewa kwa nini mama alikuwa halali.

Baba ana rafiki yake wa miaka mingi, mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri Kinondoni, ambaye naye ana gari kama lile. Alikuja kwetu Boko, akalisikiliza huku kikombe cha chai kikimpoa mkononi. Akasema ringi za pistoni ni nzima, asiturubuni mtu. Tatizo ni krenki, ule mhimili mzito unaozunguka chini ya injini. Unachota oili kwenye sampu, lile bakuli la chuma la chini, unairusha juu kwenye silinda, inaungua, ndiyo moshi. Dawa yake ni kikwangua oili, yaani bamba jembamba la chuma, limekatwa kingo zake kufuata umbo la krenki. Linakaa jirani kabisa na krenki bila kuigusa, linaikwangua oili ile na kuirudisha chini. La gari lake alilikata mwenyewe, na la baba akalikata vilevile, bila kutaka chochote.

Kazi ya kufungua tulimpa fundi mmoja wa gereji bubu ya Tegeta, chini ya turubai, pembeni ya wauza matofali. Sitaki kumsingizia, ni fundi hodari, na injini za watu zinatembea mjini kwa mikono yake. Ila ana ugonjwa wa mafundi wote wa mji huu, ugonjwa wa silikoni, ile gundi ya kwenye tyubu. Kwao silikoni ni mwarobaini. Kinachovuja kinapakwa, kisichovuja kinapakwa kisije kikavuja.

Alhamisi yule mzee alikuja na bamba lake. Injini ilikuwa imeinuliwa kwa winchi ya kukodi, kwa sababu gari lile bila kuinua injini sampu haitoki. Mzee alilaza gasketi moja nene, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, kwenye ukingo wa chini wa injini, akaweka bamba, akaweka gasketi ya pili, akafunga boliti kwa muda. Halafu akawa anaizungusha krenki kwa mkono, pole pole, huku akipitisha kijiti chembamba cha chuma kwenye uwazi. Ikikaba, anafungua, anapiga tupa kidogo, anarudishia. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Ilichukua mchana mzima, na mikono yake ilitulia kuliko yangu.

"Sasa sawa," akamwambia fundi. "Nafasi nimepima na gasketi zote mbili. Usibadili kitu, baba."

"Haina shida, mzee wangu," fundi akajibu. Akalitoa bamba ili alioshe vumbi la tupa, na mzee akaaga, ana msiba Tanga.

Ijumaa nilipita ofisini kuomba ruhusa, kisha nikaenda Tegeta na chipsi za fundi. Nikakuta kazi imekwisha. Sampu imefungwa, injini imeshushwa, mwenye winchi ameshaichukua. Fundi alikuwa ananawa mikono kwa unga wa sabuni, anaimba. Juu ya gunia, karibu na ndoo, zilikuwa zimelala gasketi mbili nene, safi, zilezile za mzee.

Nikaziokota. "Fundi, hizi vipi?"

"Hizo zinavujishaga, braza. Nimekutilia silikoni juu na chini, za ukweli. Hutaona tone sakafuni."

"Mzee si alisema usibadilishe?"

"Mzee alikuwa anapima tu. Gasketi si kwa ajili ya kuzuia oili? Sasa silikoni inazuia zaidi. Ishu iko wapi?"

Alinitazama kwa wema kabisa, mtu aliyejitolea silikoni yake kwa ajili ya harusi yetu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia. Gasketi ile ya juu ndiyo iliyokuwa inalishusha bamba mbali na krenki. Ikitolewa, bamba linapanda kwa unene wake wote, na nafasi iliyopimwa mchana mzima inabaki karibu sifuri. Nilimweleza. Akachukua spana, akaizungusha krenki kwa mkono, tukatega masikio. Kimya.

"Umesikia? Hakuna kitu," akasema.

Nikampigia yule mzee. Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanasoma dua za msiba. Nikamweleza.

"Kwa mkono haitagusa," akasema. "Ikipata moto na mwendo, ndiyo mtasikia. Fungueni."

"Winchi imeondoka, mzee. Na harusi ni kesho."

"Basi msiliwashe, mwanangu."

Nilijaribu kuitafuta winchi. Mwenye nayo alikuwa ameipeleka Vingunguti kwenye lori la mtu, hakuweza kurudi. Nikatafuta mtu wa kulivuta gari mpaka nyumbani, nikaenda kumweleza baba. Nilimkuta amekaa barazani anapaka viatu vyake rangi kwa kupapasa, kidole kikitafuta ukingo wa soli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia lile gari la kamati bado lipo, hakuna aibu.

"Kesho natoka na binti yangu," akasema, na akaendelea na kiatu cha pili.

Jumamosi mama alitangulia kanisani na wageni. Mdogo wangu alikaa kiti cha nyuma peke yake, gauni limejaa mpaka madirishani. Mimi nilikaa mbele, niwe macho ya pembeni ya baba. Gari liliwaka mara moja. Hata injini ilipoanza kupata moto, nyuma hapakuwa na moshi, na mdogo wangu akapiga vigelegele, na baba akatabasamu, na mimi nikaanza kuamini kwamba labda fundi alikuwa sahihi. Tukaingia barabara ya Bagamoyo. Nikawa namwambia, "Bodaboda kushoto, baba. Mama na mtoto, baba." Naye anaitikia, "Nimemwona," hata pale ambapo nilijua hajamwona.

Tegeta tukakuta foleni. Mshale wa kipimo cha joto ukaanza kupanda. Kanisa lilikuwa bado mbele, na ndipo sauti ikaanza kule chini, ndogo, kama kijiko kinachogonga kikombe. Baba aliisikia kabla yangu. Mkono wake ulikaza usukani.

"Baba, zima. Tutampigia mwenyekiti."

"Nikizima hapa litawaka tena?"

Foleni ikasogea, akakanyaga mafuta, na sauti ikawa ya nyundo. Sikuweza kuzima mimi, maana ufunguo ulikuwa upande wake na gari lilikuwa lake. Nilichoweza ni kusema kushoto, kulia, na kuhesabu mapigo mpaka hesabu ikanipotea. Nilipogeuka nyuma, mdogo wangu alikuwa amefumba macho.

Baba alifika. Aliingia geti la kanisa katikati kabisa, vigelegele vikaifunika ile sauti, akasimama mbele ya ngazi na kuzima. Akamshika binti yake mkono, akaingia naye ndani, na sijawahi kumwona baba amenyooka vile.

Ibada ilipokwisha alikwenda kuliwasha awapeleke maharusi ukumbini. Kitufe kilitoa mlio mmoja mfupi. Akajaribu tena. Krenki ilikuwa imekamata, haizunguki tena. Mwenyekiti alilisogeza lile gari jeupe, na bwana harusi akafunguliwa mlango.

"Nendeni," baba akasema, bado ameshika usukani. "Mimi nangoja gari la kuvuta."

Mdogo wangu alikuwa ameshafika kwenye gari jeupe. Akaliacha, akarudi amekusanya gauni mikononi, akazunguka, akaingia kiti cha mbele nilichokalia mimi asubuhi.

"Haliwaki, mama," baba akamwambia.

"Najua, baba. Kaa nami kidogo tu, halafu nitakwenda."

Kamati ilikuwa inanipungia mikono, na saa za ukumbi zilikuwa zinakwenda. Niliingiza pindo la gauni lililobaki nje, nikawafungia mlango.