Bosi Amenikuta na Povu Masikioni

Leo nimeaibika, jameni.

Mnajua mimi hulala kwenye boti ninayoitunza hapa Lusail. Kujaza tangi la maji ni kazi yangu.

Asubuhi bosi alipiga simu kuuliza kama maji yapo. Nikamwambia yapo mengi. Sikuwa nimeangalia.

Saa saba nikaingia kuoga. Nikajipaka sabuni mwili mzima, maji yakaisha.

Nikajifunga taulo, nikatoka kufungulia mpira wa maji. Ulikuwa umelala juani tangu asubuhi, na jua la huku mnalijua. Maji ya kwanza yangeivisha chai. Yaliponimwagikia niliruka juu nikishikilia taulo kwa mikono miwili.

Kugeuka, bosi amesimama kando ya boti na mama yake mzazi.

Mama akatazama pembeni haraka.

"Hamisi," bosi akasema polepole, "si ulisema maji ni mengi?"

Nikafuta povu masikioni kwa mkono mmoja.

Mama akamnong'oneza kitu kwa Kiarabu. Nikajua kazi imeisha.

Bosi akanigeukia. "Mama anauliza kama umeungua."

Sasa niambieni, huyu mama nitamtazama vipi wakija kesho?